Bagamoyo: minara ile ilikuwa inamwangalia nani?

Juzi Jumamosi nilidandia daladala la Bagamoyo pale Makumbusho. Sikuwa na la maana sana la kufanya, nilitaka tu kutoka kwenye joto la Dar na kelele zake. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, safari ikaenda. Abiria wa pembeni yangu alikuwa bwana mmoja wa Mlingotini aliyebeba nyavu mpya kwenye mfuko wa salfeti. Tulipoikaribia njia ya kuingilia Mbegani akanionyesha kwa kidole upande wa bahari: "Huko ndiko walisema itakuja bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Tulishaambiwa mpaka kreni zitaonekana kutoka barabarani." Nikachungulia. Niliona minazi.

Nikasema moyoni, hapa kuna habari. Maana Bagamoyo ni mji wa kuangalia na kuangaliwa. Kila aliyewahi kuutaka mji huu alisimamisha kitu kirefu, ama cha kuona mbali, ama cha kuonekana toka mbali. Tatizo ni kwamba hadithi tunayowauzia wageni (na watoto wetu pia, tusijidanganye) imebaki ile ya waliosimama juu, na waliokuwa chini wakibeba mizigo hatuwaoni.

Wadau, nianze na mnara wenyewe.

Ukiingia misheni ya Wakatoliki kwa ile njia ya miembe inayotoka baharini, utakuta mnara wa mraba, si mrefu kivile, ukilinganisha na maghorofa ya Kariakoo unaweza kucheka. Ni sehemu iliyobaki ya kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifika hapa Machi 1868 wakitokea Unguja. Walikuja na mpango wa kuwakomboa watumwa kwa kuwanunua sokoni, na kuwajengea kijiji cha kuishi, wanakiita kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Kwa hiyo unaposikia misheni ilijenga, ilima, ilipanda minazi na vanila, jiulize mikono ilikuwa ya nani. Mapadri walikuwa wachache na wengi wao walikufa mapema kwa homa. Kazi ilifanywa na watu waliotolewa kwenye minyororo, wakiwemo watoto.

Lakini mnara hauitwi kwa jina lao. Unaitwa Mnara wa Livingstone.

Mara ya kwanza nilipouona nilikuwa darasa la sita, safari ya shule. Mwalimu alituambia tuandike kwenye madaftari: huu ni Mnara wa Livingstone. Tukaandika. Nikakua nikijua kwamba huyu bwana aliujenga, au aliishi humo, au alihubiri humo. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba safari yake ya mwisho ya kuingia bara aliianzia Mikindani, kusini kabisa, mwaka 1866. Bagamoyo aliingia akiwa maiti. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wake ulifikishwa misheni, ukalazwa usiku mmoja, kisha ukachukuliwa na meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Vulture kupelekwa Unguja, na hatimaye Uingereza, ambako alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka ule ule. Yaani usiku mmoja tu, na mwenyewe hana habari, mnara ukawa wake kwa miaka 150 na ushee.

Sina ugomvi na marehemu. Aliipigia kelele biashara ya utumwa wakati wengine walinyamaza, na hilo tusimnyang'anye. Ninachouliza ni hiki: nani alimleta?

Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake walikuwa na njia rahisi mbele yao, kumzika palepale na kurudi makwao. Hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliamua kumrudisha. Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani kwa wiki mbili, wakaukunja, wakauzungushia kaliko na gamba la mti, halafu kitambaa cha tanga, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea. Viongozi walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Alikuwemo Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, yeye ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga jina kwenye mti. Walikuwemo wanawake pia, mmojawapo Halima, mpishi wa msafara. Huyo Halima ukimtaja hata kwa watembeza wageni wengi wanakuangalia usoni.

Walitembea miezi tisa, zaidi ya maili 1,000. Wengine walifia njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone huyo huyo. Cameron akawashauri wamzike hapo, mambo yaishe. Wakakataa! Hebu fikiria, mwaka 1873, wapagazi wanamkatalia ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wanaendelea na safari. Mbele kidogo wakasikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakafanya usanii wa hali ya juu: wakatengeneza mzigo wa bandia, wakatangaza kwamba wameamua kumrudisha marehemu Unyanyembe akazikwe, wakawatuma watu waondoke nao mchana kweupe. Maiti halisi wakaifunga upya ionekane kama robota la nguo, wakapita nalo begani kama mzigo wa kawaida wa biashara.

Sasa watu wa namna hii vitabu vyetu vinawaitaje? "Watumishi waaminifu." Basi. Kama mbwa vile.

Walipofika Bagamoyo kilichofuata ni aibu. Waingereza walipokea mwili, wakawalipa wabebaji ujira wao, wakawaachia njia. Susi na Chuma hawakupanda ile meli. Aliyekwenda hadi London ni Jacob Wainwright, kwa sababu wamisionari wa Church Missionary Society waligharamia, na akawa mmoja wa walioshika jeneza. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita, wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone. Chama cha Jiografia cha Kifalme kikaja kutengeneza medali za fedha kwa ajili ya watu wapatao 60 wa msafara ule, lakini kufika kwake pwani watu walishatawanyika, wengine wamesharudi barabarani na mizigo mingine. Wainwright mwenyewe alikuja kufariki Urambo mwaka 1892, mbali na kamera na magazeti.

Kwa hiyo ukisimama chini ya ule mnara na kusoma jina la mtu mmoja, ujue unasoma nusu ya risiti.

Kuna mzee niliyemkuta anapumzika chini ya mwembe pale misheni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu, umetoka mjini?" Mji kwake ni Dar. Tukaongea. Nikamuuliza zamani watu waliuitaje mnara huu kabla ya kuitwa wa Livingstone. Akacheka kidogo: "Tuliita kanisa la zamani. Wazee walikuwa wanasikiliza kengele tu. Hilo jina la Mzungu linatumika mkiwepo nyie wenye kamera." Sikuwa na kamera, nilikuwa na simu, ila nilimwelewa.

Haya, tuuache huo twende mnara wa pili, kwani huu ndio uliojengwa hasa kwa kazi ya kuchungulia watu.

Ukitoka mjini kufuata njia ya zamani ya misafara kuelekea bara, kata ya Dunda, kuna kijengo kifupi kinene cha mawe ya matumbawe. Watalii wengi hawafiki. Kilijengwa mwaka 1889 na jeshi la Hermann von Wissmann, wakati wa vita ambavyo Wajerumani walivipachika jina la "uasi wa Waarabu". Jina lenyewe ni la kisiasa. Kwamba ni Waarabu peke yao, na kwamba wanaasi serikali halali. Ukweli ni kwamba kampuni ya Wajerumani iliichukua pwani Agosti 1888 kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar bila kumuuliza mwenye pwani, ikaanza kupandisha bendera na kudai ushuru, na watu wa pwani wakakataa: waungwana, majumbe, wapagazi, watumwa, watu wa bara, kila mmoja kwa sababu zake. Pangani waliongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi. Saadani, kaskazini mwa hapa, kulikuwa na Bwana Heri. Bagamoyo ilishambuliwa Septemba 22 mwaka huo, manowari ya Kijerumani ikapiga mizinga mjini, na mji ukateketea kwa sehemu kubwa.

Hapo ndipo maelfu ya watu walipokimbilia misheni. Abushiri hakuigusa. Akapigana na Wajerumani hatua chache tu kutoka kwenye mnara ule wa kanisa, lakini mapadri akawaacha na wakimbizi wao. Kwa hiyo katika kipindi kile kile, mji mmoja ulikuwa na mnara ambao watu walikimbilia chini yake, na ukajengewa mnara mwingine ambao watu walipita mbali nao. Kama kuna siku Bagamoyo itatengenezewa filamu ya maana, naomba waanzie hapo.

Ule wa Dunda ulikuwa jicho la Wissmann. Ulitazama barabara. Askari waliokaa humo waliona nani anaingia kutoka bara, ana pembe ngapi, ana bunduki au hana. Na askari wenyewe, tusisahau, wengi hawakuwa Wajerumani. Wissmann aliwaajiri Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka upande wa Msumbiji, wakapigana na Waafrika wenzao kwa mshahara. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani Desemba 15, 1889. Bagamoyo nako kulikuwa na mahali pa kunyongea, karibu na ufukwe, na makaburi ya Wajerumani hayapo mbali na hapo.

(Nipenyeze kidogo kituko cha mwaka huohuo. Desemba 4, 1889, Stanley na Emin Pasha waliingia Bagamoyo kutoka bara, Wajerumani wakawafanyia karamu ghorofani. Emin alikuwa haoni vizuri. Katikati ya shangwe akatoka upande wa dirishani, akaanguka hadi chini barabarani na kuvunjika vibaya. Mtu kavuka Afrika mzima mzima, anakuja kuangushwa na ghorofa ya Bagamoyo!)

Baada ya hapo mji ukashuka. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi tu, kufikia 1891 wakahamia Dar es Salaam ambako meli kubwa zinaweza kuingia. Boma kubwa walilojenga hapa mwaka 1897 lilikuwa la mji ambao tayari walishauhama kiutawala. Mnara wa Dunda nao ukakosa kazi, kwa sababu barabara iliyokuwa ikitazamwa haikuwa na misafara tena, reli ilianzia Dar. Jicho likabaki wazi, cha kuangalia hakipo.

Mnara wa tatu una umri kuliko yote na hauna ngazi wala dirisha. Nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Pale kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi, na baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za matumbawe na chokaa. Ukirudi upande wa Dar, Kunduchi, zipo nyingine za karne ya 18. Watu wa pwani walikuwa wakisimamisha nguzo hizi juu ya makaburi ya wakubwa wao, na kwenye kuta zake walipachika vibakuli na sahani za Kichina. Ukiangalia kwa makini utaona matundu yaliyobaki. Vingi vya vyombo hivyo viling'olewa, vile vya Kaole vikapelekwa makumbusho Dar.

Nguzo ya kaburi haikujengwa ili mtu apande aone mbali. Ilijengwa ili ionekane. Baharia akikaribia, anajua hapa pana watu wenye mji wao, dini yao na marehemu wao wanaowaheshimu, na wana uwezo wa kununua sahani kutoka China. Neno lenyewe mnara tumelipata kwenye Kiarabu, na asili yake ni mahali pa mwanga. Mwanga unakusaidia kuona, lakini pia unakufanya uonekane. Wazee wa Kaole walichagua kuonekana.

Na hapa naomba nirudi kwa yule jamaa wa nyavu kwenye daladala.

Machi 2013 Rais Xi Jinping alikuja Tanzania, na katika ziara ile ukasainiwa mpango wa bandari ya Bagamoyo, Mbegani. Kampuni ya China Merchants ikaingia, na mfuko wa serikali ya Oman ukaingia pia. Thamani iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10, pamoja na eneo la viwanda. Oktoba 2015, siku chache kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Kikwete (mtu wa hukuhuku, Msoga) akaweka jiwe la msingi. Halafu akaja Rais Magufuli, mambo yakasimama. Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba masharti yale mwendawazimu pekee ndiye angeyakubali, akataja ukodishaji wa miaka 99 na kukatazwa kuendeleza bandari nyingine za pwani yetu. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kati ya matamko hayo yote, watu wa Pande na Mlingotini walikuwa wameshapimiwa maeneo yao, wengine wakalipwa fidia, wengine wakalalamika mpaka sauti ikafika bungeni.

Kinachonichekesha (kwa uchungu) ni huu mzunguko. China iliwahi kuja pwani hii kwa njia ya bakuli, ikapachikwa ukutani na mwenyeji, kwa hiari yake, mahali alipotaka yeye. Omani nayo si mgeni, liwali wa Sultani alikaa hapa na forodha ilikuwa yake. Sasa wote wawili walikaa meza moja kuzungumzia Mbegani. Sisemi bandari ni mbaya. Vijana wa Bagamoyo wanahitaji kazi, uvuvi wa mashua na nyavu za kukodi haumtoi mtu. Ninachosema ni kwamba kreni ya bandari nayo ni mnara. Mtu atakaa juu yake, ataona mpaka Unguja. Swali ni kama huyu bwana wa nyavu atakuwa mwenye mali anayeonekana, kama wa Kaole, au ni mtu wa kuchunguliwa akipita, kama wa Dunda. Makubaliano ya fidia na ajira ndiyo yanayoamua hilo, na yanaamuliwa kabla zege halijamwagwa, si baada.

Kuna jambo jingine la haraka zaidi, na hili halisubiri mwekezaji.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walikufa. Jengo lilikuwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Ile nyumba ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mbele yake kulikuwa na mnara uliosimama peke yake, wenye taa ya kuongoza meli. Agosti 27, 1896 Waingereza wakapiga mizinga, vita vile maarufu vilivyokwisha kabla ya saa kuisha, na mnara ule ukaharibiwa vibaya. Ukaondolewa, na mnara mpya ukajengwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Mnara wa taa wa Sultani ukawa mnara wa saa chini ya kivuli cha Waingereza, ukaja kuwa mnara wa makumbusho ya Serikali ya Mapinduzi, kisha picha ya kila kadi ya posta. Mizinga haikuumaliza kabisa. Uliomalizwa ni ule wa pili, na aliyeumaliza ni maji ya mvua, mbao zilizooza na miaka ya kuahirisha.

Sasa majengo ya Bagamoyo yametengenezwa kwa vitu vile vile: matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii unadumu mamia ya miaka ikiwa paa halivuji. Paa likishatoboka, chokaa inayeyuka taratibu, mti wa mkuyu unaota kwenye ufa, mizizi inafanya kazi ya patasi. Ukipita mtaa wa India pale mji mkongwe utaona mfano kila baada ya nyumba mbili tatu. Wapo wanaokuja kuziba kwa saruji, wakidhani wanasaidia; saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia unyevu ndani, ukuta unaoza ukiwa umevaa suti.

Nani anawajibika? Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Njia ya biashara ya utumwa na pembe, kutoka Bagamoyo kwenda bara mpaka Ujiji, tuliipeleka UNESCO kwenye orodha ya awali mwaka 2006, na huko imebaki kwenye orodha ya kusubiri. Miaka ya karibuni serikali iligawa vituo vya malikale kwa taasisi zenye mapato, na Kaole ikaangukia kwa TFS, wakala wa misitu. Nilipoambiwa nilicheka, kwamba watu wa miti wamepewa mawe. Lakini nikikaa nikafikiri, wana magari, wana walinzi, wanajua kukata mti unaoota pasipotakiwa. Huenda wakafanya vizuri kuliko ofisi isiyokuwa na hata bajeti ya rangi. Ila fundi wa chokaa hapatikani kwenye msitu. Huyo inabidi asomeshwe, na hapa Bagamoyo tuna TaSUBa inayofundisha ngoma, maigizo na uchoraji. Sioni kwa nini mji wenye chuo cha sanaa ukose darasa la mafundi wa kuta za pwani.

Kwa upande wa misheni wenyewe wanajitahidi, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Wana makumbusho kwenye nyumba ya zamani ya masista. Mwaka 2018 waliadhimisha miaka 150 ya kufika kwao, na Machi 2025 Vatikani ikatangaza Jimbo la Bagamoyo, kwa maana kwamba mji uliokuwa chini ya Morogoro sasa una askofu wake. Ni wakati mzuri. Askofu mpya, jimbo jipya, karatasi zenye nembo mpya, basi na kibao kipya kingewezekana. Sihitaji jina la Livingstone lifutwe, maana alilala pale kweli. Ongezeni ya Susi, Chuma, Wainwright, Halima. Ongezeni neno moja kuhusu wale wa kijiji cha Mtakatifu Yosefu waliochanganya chokaa na kubeba mawe. Gharama ya kibao haifiki bei ya chakula cha mchana cha semina moja.

Na iwekwe pia kumbukumbu ya wapagazi. Hii naisisitiza kwa sababu tangu utalii upate nguvu, Bagamoyo inauzwa kama mji wa utumwa peke yake, hata jina linatafsiriwa kwa wageni kuwa ni mahali pa kuuacha moyo kwa kukata tamaa. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa mbaya, usipunguzwe. Lakini maelfu kwa maelfu ya walioingia hapa kila msimu walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu huru waliobeba pembe kwa ujira, wakagoma wakipunjwa, wakapiga ngoma usiku wakifika, kwa sababu wamefika. Kwao kubwaga moyo kulikuwa kupumzika. Tukiwageuza wote kuwa watumwa kwa ajili ya machozi ya mtalii, tunawanyang'anya na kile walichokuwa nacho. Ni watu wa kabila la kazi lile lile lililomkatalia Cameron kule Unyanyembe.

Jua liliposhuka nikarudi stendi. Njiani nilipita soko la samaki, mnada unaendelea, dalali anapandisha bei kwa sauti utadhani anahubiri. Nikanunua changu wawili wa kukaanga, nikapanda gari. Tulipopita tena njia ya Mbegani giza lilishaingia, hakuna taa hata moja upande wa bahari.

Yule mzee wa chini ya mwembe aliniambia jambo moja wakati naaga, sikulichukulia uzito mpaka nilipofika Bunju. Alisema bibi yake alizaliwa kijiji cha misheni, na mama wa bibi huyo aliletwa na mapadri kutoka soko la Unguja akiwa mtoto, hakujua kabila lake, jina alipewa hapo. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja kumhoji na kuandika. Akasema wanakuja, lakini wanauliza habari za Livingstone.

Kama humu ndani kuna mdau ambaye bibi au babu yake alitoka kwenye kijiji kile, au ambaye ukoo wake ulibeba mizigo njia ya Tabora, andika hapo chini unachokikumbuka. Hata jina moja tu, na mahali alipotoka.